Lugha Ndogo na Jirani Zake



Kwa kuwa Kikachi, kisemwacho majumbani mwa baadhi yetu, huandikwa kwa hati ya Kigujarati, wengi hukidhani kuwa lahaja yake. Wanaisimu hukiweka karibu zaidi na Kisindhi. Kigujarati ni jirani aliyekipa maneno na hati. Hapa Ufipa nako, Kifipa, Kimambwe na Kilungu ni lugha ndugu, ijapokuwa mpaka wa Tanzania na Zambia umewagawa Wamambwe na Walungu.

Undugu huo hukatika watoto wanapoacha kuzisema. Kiswahili kinatuunganisha sote, nasi twakishukuru. Lakini twawasihi wazazi, Wahindi kwa Wafipa: watoto wasikie nyumbani lugha ya bibi zao, nao wajibu kwa lugha hiyo hiyo.