Majina Yasipotee: Kumbukumbu za Vita, Kutoka Nairobi Hadi Eldoret

(Hotuba ya afisa wa mawasiliano wa kaunti kwa wakazi wa Kimumu)



Kando ya Kenyatta Avenue jijini Nairobi zimesimama sanamu tatu za shaba, kumbukumbu ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Mmoja wa watu hao watatu ni mpagazi. Maandishi ya chini yako kwa Kiingereza, Kiswahili na Kiarabu, nayo yanamwahidi aliyepigania nchi yake kwamba hata akifa, wanawe watalikumbuka jina lake.

Ahadi nzuri. Lakini tafuta hapo jina la mpagazi hata mmoja, hulipati.

Wapagazi walibeba chakula, risasi na majeruhi tangu 1914 hadi 1918. Wengi walichukuliwa kwa lazima. Hesabu ya serikali ya kikoloni yenyewe ilionyesha kuwa zaidi ya 40,000 walikufa, wengi kwa magonjwa na njaa kuliko kwa risasi. Jina lililobaki midomoni mwetu ni la kikosi chao tu: Kariokor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam.

Askari mzungu alipewa jiwe lenye jina lake. Mwaka 2021, tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba Waafrika wengi hawakuenziwa kwa usawa, ikaomba radhi. Zaidi ya miaka 100 ilikuwa imepita.

Sasa turudi nyumbani. Tarehe 15 Januari 2016, kambi ya wanajeshi wetu huko El Adde, Somalia, ilishambuliwa na Al-Shabaab. Siku 12 baadaye, ibada ya kuwakumbuka waliouawa ilifanyika papa hapa Eldoret, katika Moi Barracks. Marais wa Kenya, Nigeria na Somalia walihudhuria. Wengi wa waliokufa walitoka katika kambi hiyo, na familia zao ni majirani zetu.

Ndugu zangu, marais huja na kuondoka. Jirani hubaki na picha ukutani. Swali langu ni hili: baada ya miaka 100, mjukuu wa askari huyo atapata wapi jina la babu yake?

Katiba, katika Ratiba ya Nne, imeipa serikali ya kitaifa makumbusho ya kale yenye umuhimu wa kitaifa. Kaunti imepewa maktaba, makavazi ya utamaduni na makaburi ya umma. Kwa hivyo mkazi ana haki ya kulileta jambo hili katika vikao vya ushirikishaji wa umma, bajeti inapojadiliwa.

Lakini kabla ya jiwe, lazima pawe na jina. Nani katika ukoo wenu alikwenda Burma katika Vita vya Pili vya Dunia? Nani alikwenda Somalia? Andikeni jina kamili, kijiji, kikosi na mwaka. Hifadhini barua, nishani na vitambulisho vya kazi. Msivitupe nyumba inapohamishwa. Vijana, mna simu: mrekodini mzee angali anasimulia.

Wapagazi walikosa jiwe kwa sababu aliyeshika kalamu hakuona haja ya kuwaandika. Leo kalamu iko mikononi mwetu.