Simu ya Malvern, Bariyera ya Goma

Mazungumzo yaliyotolewa kwenye sherehe ya uhuru, Malvern, Johannesburg, tarehe 30 Juni 2025

Komite imeniomba niseme juu ya simu na usalama wa familia zetu. Nadhani walitafuta fundi wa kompyuta wakamkosa. Mimi ni muuguzi. Digrii yangu niliipata hapa Afrika Kusini nikiwa tayari na watoto wawili, na simu yangu ikinishinda ni binti yangu anayeitengeneza. Basi nitasema yale niliyoyafanya mwenyewe.

Leo uhuru wetu unatimiza miaka 65. Tangu mwisho wa Januari Goma iko mikononi mwa M23, uwanja wa ndege umefungwa, benki zimefungwa. Ijumaa iliyopita mawaziri wa Congo na wa Rwanda walitia saini makubaliano kule Washington. Tunaomba iwe kweli.

Wiki ile ya Januari mnaikumbuka. Umeme ulikatika Goma, simu zikazimika moja moja. Mimi nilikuwa zamu ya usiku. Simu niliificha mfukoni mwa yunifomu, ingawa hairuhusiwi, na kila nilipotoka wodini nilimwandikia mtoto wa dada yangu mkubwa, kijana wa miaka 22. Uko wapi? Wamefika wapi? Umeona askari wangapi? Tuma picha. Naye, kwa kuwa mama yake mdogo anauliza, alijibu kila alipopata chaji. Majibu yake nikayapeleka kwenye grupu letu, watu wakanishukuru. Nilijiona nimefanya kazi kubwa.

Wiki tatu baadaye alitoka kutafuta unga, akasimamishwa kwenye bariyera. Wakamwambia: fungua simu. Wakasoma. Namba inayoanza na +27 inauliza idadi ya askari, na siku zile wanajeshi wa Afrika Kusini walikuwa bado wamezingirwa ndani ya kambi zao Goma na Sake. Ungekuwa wewe ndiye mwenye bunduki, ungeamini kwamba huyo ni mama mdogo tu, muuguzi, mwenye wasiwasi? Walimpiga, wakamshika mpaka usiku, wakachukua simu na pesa ya unga, wakamwachilia. Dada yangu alinieleza baada ya siku nyingi, na hakunilaumu. Kijana mwenyewe hajaniandikia tena. Salamu zangu anazipata kwa mama yake.

Nilimuuliza mtu anayezijua simu: si wanasema WhatsApp imefungwa? Imefungwa kweli, tangu 2016 ujumbe unafungwa toka simu hadi simu, aliye katikati hausomi. Lakini hiyo ni njiani tu. Sisi hospitalini faili la mgonjwa tunaweza kulituma kwa bahasha iliyofungwa kwa gundi, na likifika linasomwa na yeyote aliyekaa mezani. Kule Goma aliyekaa mezani ana bunduki.

Vijana, ninyi mnacheka tunapoongea simu, lakini kuna hili pia. Kamera inaweza kuandika ndani ya picha mahali ilipopigwa. Ukiituma kwa WhatsApp kama picha, habari hiyo inaondolewa. Ukiituma kama faili, inabaki. Na hata majeshi makubwa yamenaswa hivyo: mwaka 2018 watu waligundua kwamba ramani ya Strava, ile programu ya wakimbiaji, ilionyesha njia ambazo askari wa Marekani walikuwa wakikimbilia ndani ya kambi zao Syria na Afghanistan. Hakuna jasusi aliyeingia humo. Walivaa saa zao wakafanya mazoezi.

Jambo la pili ni gumu kwangu kulisema. Askari 14 wa Afrika Kusini walikufa huko kwetu mwezi ule. Kazini nina mwenzangu, mwenyeji wa hapa, ambaye mpwa wake alikuwa huko. Alikuja na simu yake, picha ya maiti kando ya barabara, akaniuliza kwa kuwa mimi ni mtu wa Goma: hapa ni wapi, na nguo hii ni ya jeshi gani? Picha ile niliijua. Niliipokea jana yake, nikaipeleka kwa watu sita. Wodini mtu akikata roho tunavuta pazia, na ndugu zake ndio wanaoambiwa kwanza. Nimeifanya kazi hiyo miaka mingi. Kwa picha ile sikuvuta pazia. Mpwa wake alirudi mzima, lakini mimi sijapata uso wa kumwambia.

Mzee mmoja wa komite aliposikia nitakayosema alinijibu: tukinyamaza, nani atajua tuliyotendewa? Ana haki. Picha ya ushahidi ipelekwe kwa mtu mmoja anayejua kuitunza. Isitupwe kwenye grupu la watu mia mbili ambao nusu yao hatujui wanakaa wapi. Na habari za vita semeni. Jeshi la serikali, Wazalendo, M23, bishaneni hapa Jules Street mpaka usiku, hapa bariyera hakuna, wezi wa simu tu. Lakini maoni yako usiyaweke katika simu ya mtu atakayetembea nayo kesho asubuhi. Kwake uliza: mmekula? Mtoto amepona homa? Na kwenye WhatsApp wekeni ujumbe ujifute baada ya saa 24. Binti yangu amekaa pale mlangoni, atawaonyesha wazazi jinsi ya kufanya. Mkumbuke tu kwamba picha iliyokwisha kuhifadhiwa kwenye simu ya mwenzako haijifuti.

Sasa watu wa ngoma wanataka kuanza, na naona simu zimeshanyanyuliwa. Kuna familia mbili zilizofika mwezi huu, na wazee wao bado wako kule. Wameomba wasionekane kwenye video. Wamekaa upande wa dirisha. Tafadhali pigeni picha upande wa ngoma.