Risasi ya Swala na Mahali pa Kulenga

Kishindo cha bunduki hakiui mnyama. Kinachomuua ni jeraha linalomwaga damu haraka au kuharibu mapafu. Ndiyo maana risasi ya kuwindia swala huwa na ncha laini: ganda la shaba halifiki mbele, na ncha ikigonga nyama hutanuka na kupasua njia pana. Risasi iliyovikwa ganda zima ni ya tembo na nyati. Ikimpiga swala, hutoka upande wa pili ikiacha tundu jembamba, naye akakimbia akafie kichakani asionekane tena. Kosa la kinyume lipo pia. Risasi laini inayomfaa swala tomi wa kilo 25 huweza kusambaratika kwenye bega la pofu, ambaye dume lake hufika kilo 700 na zaidi.

Moyo wa swala uko chini na mbele kifuani, karibu katikati ya miguu ya mbele. Mnyama akisimama ubavu, jicho hupanda na mguu wa mbele mpaka theluthi ya chini ya kifua. Risasi ikipanda kidogo hukuta mapafu, nayo yanatosha. Ikirudi nyuma huingia tumboni, na hapo mateso huenda saa nyingi. Damu yenyewe husema: nyekundu yenye povu ni ya mapafu, nyeusinyeusi ni ya ini, na yenye majimaji ya kijani ni ya tumbo.

Wapo waliolenga ubongo badala ya kifua. Mskoti W. D. M. Bell, aliyewinda Karamoja, Uganda, mwanzoni mwa karne ya 20, alipasua mafuvu ya tembo kwa msumeno ili ajue ubongo ulipo. Kwa bunduki ndogo ya milimita 7 na risasi ngumu aliua wengi wa tembo wake, zaidi ya 1,000 kwa jumla, idadi ya kutisha. Shabaha kama yake ni ya wachache mno.

Tanzania bado hutoa vibali vya uwindaji. Kenya iliupiga marufuku mwaka 1977. Nairobi, fani ya kulenga imebaki kwa madaktari wa wanyama, wanaofundishwa katika eneo la Upper Kabete. Sindano yao ya usingizi hulengwa kwenye msuli mnene wa paja au bega. Kifua, kilichotafutwa na mwindaji, wao hukikwepa, maana sindano yaweza kupenya kati ya mbavu.