Kompaila ya C: Msinunue Kitu Kinachotolewa Bure

Mazungumzo na viongozi wa vikundi vya kujisaidia na vijana wao



Siku hizi vikundi vingi vina kompyuta moja au mbili, nyingi zikiwa za mitumba. Vijana wamekwisha kujifunza kuandika barua na kuweka hesabu za kikundi, na sasa wengine wanataka kutengeneza programu wao wenyewe. Hapo ndipo swali linapokuja: chombo cha kutengenezea programu kinapatikana wapi, na ni pesa ngapi? Leo tulijibu swali hilo, maana pesa za kikundi ni jasho la watu.

Kwanza tuelewane. Lugha ya C ilitengenezwa na Dennis Ritchie huko Bell Labs, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1970. Kijana huandika maagizo kwa maneno na alama ambazo mtu anaweza kusoma. Lakini kompyuta haiwezi kuyatumia vile yalivyo, kama vile wewe huwezi kusonga ugali kwa mahindi mazima. Lazima yapelekwe kinuni kwanza. Kinu hicho ndicho kinaitwa kompaila.

Zamani kinu hiki kilikuwa cha pesa. Kampuni ya Sun, kwa mfano, ilipoleta mfumo wake wa Solaris 2 mnamo 1992, iliondoa kompaila na kuiuza peke yake. Lakini tayari mwaka 1987 Richard Stallman na wenzake walikuwa wametoa kompaila inayoitwa GCC, ambayo kila mtu ana ruhusa ya kuitumia, kuinakili na kumpa jirani. Ndiyo harambee ya watu wa kompyuta. Kwa hivyo mtu akiwaambia ati lazima mlipie kompaila ndipo vijana waanze kujifunza, mwulizeni vizuri.

Sasa tutazame kompyuta za namna mbalimbali, maana kila moja ina mfumo endeshi wake.

Linux. Hapa ndipo kazi ni rahisi zaidi. Katika Debian au Ubuntu, amri moja tu, sudo apt install build-essential, inaleta GCC na vyombo vyake. Na mahali ambapo intaneti ni ya shida, DVD ya kwanza ya Debian ina GCC ndani yake. Mtu mmoja anaweza kuichukua mjini na kuwanakilia vikundi vyote, na hajavunja sheria yoyote.

Windows. Mfumo huu hauji na kompaila. Lakini kuna MinGW-w64, ambayo ni GCC iliyotayarishwa kwa Windows, nayo ni bure. Microsoft pia, tangu 2014, hutoa Visual Studio Community bila malipo kwa mwanafunzi na kwa darasa. Hiyo ni nzito sana, itamaliza bando lenu. Anzeni na ile ndogo.

Kompyuta za Apple. Fungueni dirisha la Terminal, andikeni xcode-select --install. Itakuja kompaila inayoitwa Clang, bila malipo. Msishangae mkiandika gcc kisha Clang ijibu. Apple ndivyo ilivyopanga.

Simu ya Android. Ndiyo, hata simu! Programu ya Termux hufungua dirisha la kuandikia amri, na pkg install clang inaleta kompaila. Kijana asiye na kompyuta asikae bure.

Tena kuna jambo la Turbo C. Hiyo iliuzwa na Borland tangu 1987 kwa kompyuta za MS-DOS. Bado mafunzo mengine huitumia, lakini haifunguki yenyewe katika Windows ya biti 64. Msihangaike nayo.

Labda mtauliza: kikundi chetu kina Windows, jirani zetu wana Linux, tutasomaje pamoja? Unga uliosagwa kwa Linux hauliki kwa Windows, hiyo ni kweli. Lakini msibebe unga, bebeni mahindi! Lugha ya C ina kanuni zilizokubaliwa tangu 1989, na maagizo yakiandikwa kwa kufuata kanuni hizo, faili lile lile litasagwa hapa na kule. Faili la somo ni dogo sana, linaingia katika simu yoyote.

Basi tunawaomba mfanye mambo matatu:

1. Kabla ya kununua chochote, jueni kompyuta yenu inatumia mfumo gani. Andikeni gcc --version. Ikijibu kwa namba, kinu kimo tayari.

2. Chukueni kompaila kwa wenyewe wanaoitoa, au kwa kikundi mnachokiamini. Msinunue CD ya barabarani. Nyingine huleta virusi, na hesabu zenu zote zikapotea.

3. Pesa mlizotaka kununulia kompaila, tieni katika umeme, bando na mwalimu. Hivyo havitolewi bure.

Kinu kiko, na hakina bei. Kilichobaki ni kijana wenu aketi aandike mstari wake wa kwanza.