Maji ya Kuoshea Kahawa Yasirudi Mtoni

Leo nazungumza hasa na nyinyi mnaolima kahawa huko Mbozi na Ileje, katika Mkoa wa Songwe. Lakini na wewe uliye Momba au Tunduma usifunge redio, maana jambo lenyewe linakuhusu hata kama huna mbuni hata mmoja.

Kahawa yetu huvunwa kuanzia Mei au Juni hadi Septemba na kuendelea. Huo ndio wakati wa kiangazi, mito imepungua, na vijito vingine vimebaki uzi tu. Na wakati huo huo ndipo mashine za kumenyea kahawa zinafanya kazi usiku na mchana. Je, maji yanayotoka kwenye mashine yenu yanakwenda wapi?

Tupige hesabu kidogo. Kilo 5 za kahawa mbivu hutoa karibu kilo 1 ya kahawa ya maganda. Tuseme chama chenu kinapokea kilo 5,000 za kahawa mbivu kwa siku. Hizo ni kilo 1,000 za kahawa ya maganda. Kama mtambo wenu ni wa zamani na unatumia lita 20 kwa kila kilo, basi kwa siku mmetumia lita 20,000, yaani madebe 1,000. Maji hayo yote yametoka yakiwa na maganda, utelezi na sukari ya tunda.

Utasema, "Aa, sukari ya kahawa si sumu." Kweli, si sumu kama dawa ya wadudu. Lakini sukari hiyo ikiingia mtoni, vijidudu huila, na katika kuila humaliza hewa iliyomo ndani ya maji. Samaki hukosa pumzi, wakafa. Maji huchacha, yakawa makali kama siki, yakanuka na kuwa meusi. Ng'ombe huyakataa. Na mama aliye bondeni, anayechota maji ya kupikia, hana njia ya kujua nani kayaharibu huko juu. Vijito vingi vya uwanda wa Mbozi huteremka kuelekea Ziwa Rukwa, na njiani kuna vijiji.

Sasa basi, tufanye nini? Kwanza, punguzeni maji. Maji ya kumenyea yanaweza kuchujwa na kurudishwa kwenye mashine yakatumika tena siku ile ile. Zipo pia mashine za kisasa zinazoondoa utelezi zenyewe na kutumia maji machache sana. Maji yakipungua, shimo linalotakiwa nalo linakuwa dogo.

Pili, tenganisheni maganda na maji kwa wavu. Maganda ni karibu asilimia 40 ya uzito wa tunda. Msiyatupe. Yarundikeni pamoja na samadi na majani, mkigeuzageuza, mpaka yaive yawe mboji, kisha yarudisheni shambani.

Tatu, chimbeni mashimo mawili au zaidi. La kwanza ni la kutuamisha tope, na humo mnaweza kutia chokaa kupunguza ukali. La pili ni la maji kunywea ardhini polepole. Kandokando pandeni majani ya vetiva, kama walivyofanya wenzetu wa Ethiopia kwenye vituo vyao vya kuoshea kahawa. Mashimo yawe mbali na visima na mbali na mto. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kuharibu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Na kwa sheria ya maji ya mwaka 2009, anayetaka kumwaga majitaka mtoni sharti awe na kibali cha bodi ya maji ya bonde.

Hapo najua swali lako, ndugu mkulima: fedha zitoke wapi? Mifuko ipo mitatu.

Mfuko wa kwanza ni wenu wenyewe. Mkutano mkuu wa chama ukikubali kukata shilingi 20 kwa kila kilo ya kahawa ya maganda, na msimu ukatoa kilo 50,000, mmepata shilingi 1,000,000. Kuchimba mnaweza kuchimba kwa mikono yenu. Fedha zinunue saruji, wavu na mabomba.

Mfuko wa pili ni mkopo, kwa mfano kutoka Benki ya Maendeleo ya Kilimo Tanzania, iliyoanza kazi mwaka 2015. Hapa sikiliza vizuri. Chama kikiomba mkopo wa mashine, gharama za mashimo ziandikwe ndani ya ombi hilo hilo tangu mwanzo. Mkisema "mashimo tutachimba mwakani", mwakani kutakuwa na deni la kulipa, na maji yataendelea kwenda mtoni.

Mfuko wa tatu ni wafadhili. Mwaka 2010 ulianza mradi kule Nicaragua, Honduras na Guatemala, kwa msaada wa Serikali ya Uholanzi. Maji ya kahawa yalisafishwa, na humo humo wakapata gesi ya kupikia. Msaada wa namna hiyo ni mzuri. Lakini mfadhili ana siku ya kuondoka, na tope la shimo halina siku ya kuacha kujaa. Kabla hamjapokea chochote, ulizaneni ni nani atakayezoa tope, na atalipwa kutoka wapi. Jibu hilo liandikwe katika kumbukumbu za mkutano.

Yuko mtu mwingine wa kufikiriwa, naye ni mnunuzi. Kahawa yenye cheti cha Rainforest Alliance haikubaliwi ikiwa maji yake yanamwagwa hovyo. Kwa hiyo shimo linalinda soko pia.

Ndugu mkulima, wahenga walisema maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge. Tumekwisha kuamua kuosha kahawa yetu ili tupate bei nzuri. Basi kazi hiyo tuimalize. Kabla msimu haujaanza, ombeni jambo hili liwekwe katika ajenda ya mkutano mkuu. Mwiteni Bwana Shamba, na wataalamu wa kituo cha utafiti wa kahawa cha Mbimba, hapo Mbozi, wawaonyeshe mahali pa kuchimba. Na waalikeni wajumbe wawili watatu kutoka kijiji cha chini yenu. Wao ndio watakaowaambia Julai maji yalivyo.

Nakutakia kazi njema. Tukutane juma lijalo.