Shahidi wa Tiba na Njia ya Kufika Zahanati



Katika Kiarabu, ambako lugha yetu imechota maneno mengi ya elimu na ya hukumu, tabibu huitwa pia hakim, na neno hilo ni ndugu wa tumbo moja na lile tulilolitwaa sisi kumwita mtu aketiye mahakamani akiamua baina ya watu. Kila niingiapo wodini nikamwona kijana wa udaktari amesimama mbele ya kitanda cha mtoto mwenye homa kali, hukumbuka undugu huo, kwa kuwa yeye naye ana shauri mbele yake, na saa za kuliamua ni chache, na akihukumu pasipo shahidi mwadilifu atakayelipa si yeye. Usiku huu nimeomba idhini yenu niseme juu ya shahidi huyo: anatoka wapi, kwa nini hatuwezi kumwagiza ng'ambo kama tunavyoagiza dawa, na ni nini kinachohitajika ili maneno yake yafike mpaka zahanati iliyo mwisho wa barabara.

Nitaanza na dripu, maana ni jambo nililolifanya kwa mikono yangu mwenyewe.

Nilipokuwa daktari kijana katika hospitali moja ya wilaya tulifundishwa, na vitabu vikubwa vilivyochapishwa Uingereza na Marekani vilituthibitishia, kwamba mtoto aletwaye na homa kali, mikono yake imekuwa baridi, mapigo yake hafifu, na damu ikikawia kurudi katika ukucha uliobonyezwa, ni mtoto ambaye damu yake haizunguki sawasawa, na kwamba dawa ya hali hiyo ni kumtia maji ya chumvi mshipani kwa kasi, mililita 20 kwa kila kilo ya uzito wake, na ikibidi kumrudishia tena. Hoja hiyo ilikuwa na mantiki ya kutosha. Nasi tulitundika dripu usiku na mchana, tukiamini kwamba laiti tungekuwa na chupa za kutosha tungeokoa wengi zaidi. Mtoto aliyefumbua macho alfajiri tulimhesabu kuwa ameponywa na maji, na yule aliyefariki tulisema ameletwa akiwa amechelewa. Hebu tazameni jinsi hesabu ya namna hiyo isivyoweza kushindwa kamwe: kila aponaye ni hoja ya kuisifu dawa, na kila afaye ni hoja ya kumlaumu mama yake, au umbali wa kijiji, au mganga wa kienyeji, ilhali dawa yenyewe haisimamishwi kizimbani hata siku moja.

Aliyeisimamisha kizimbani ni Kathryn Maitland, tabibu wa watoto afanyaye kazi Kilifi, yeye na wenzake wa nchi zetu tatu. Jaribio lao, lijulikanalo kwa jina la FEAST, lilifanywa katika hospitali sita: Kilifi upande wa Kenya, Teule ya Muheza upande wetu wa Tanzania, na Mulago, Mbale, Soroti na Lacor upande wa Uganda. Watoto 3,141 wenye homa kali na dalili za damu kutozunguka vema waligawiwa kwa kura mafungu matatu: fungu la kwanza likapewa kwa kasi maji yenye albumini, la pili maji ya chumvi kwa kasi hiyo hiyo, na la tatu halikupewa maji ya kasi kabisa, bali lilipata mengine yote yaliyopatikana kwa wenzao, yaani dawa za malaria na antibiotiki, damu kwa aliyepungukiwa, oksijeni, sukari, na maji ya polepole ya kumtosha mtoto asiyeweza kunywa. Wengi walidhani, na mimi nilikuwa mmoja wao, kwamba fungu la tatu ndilo litakalozika watoto wengi.

Mnamo Januari 2011 kamati iliyowekwa kuangalia hesabu hizo iliamuru jaribio lisimamishwe kabla ya kutimia, na mwaka huo huo matokeo yakachapishwa. Baada ya saa 48 walikuwa wamefariki asilimia 10.6 ya fungu la kwanza, asilimia 10.5 ya fungu la pili, na asilimia 7.3 ya fungu la tatu. Semeni kwa hesabu ya wodi: katika kila watoto 100 tuliowatia maji kwa kasi, watatu walikufa ambao, lau tungezuia mikono yetu, wangerudi majumbani kwao. Watafiti walipochungua zaidi waliona kwamba vifo vile vilivyozidi havikutokana hasa na maji kujaa mapafuni, kama wengi walivyokisia, bali na moyo na mishipa kushindwa kazi yake.

Nilizisoma namba hizo nikiwa peke yangu ofisini, na nilikaa kitambo kirefu bila ya kufungua ukurasa wa pili. Sikuhitaji mtu wa kunitajia majina. Mwanachuoni aweza kulijadili jambo kama hili kwa utulivu; aliyeshika sindano hana utulivu huo, wala simwombei aupate.

Ila nisije nikafahamika vibaya, na hasa na wanafunzi walioko nyuma: watoto wenye kuhara waliopoteza maji mwilini hawakuwamo katika jaribio hilo, wala watoto wenye utapiamlo mkali, na mtoto aliyekaushwa na kuhara anayahitaji maji kama ardhi ya kiangazi. Shahidi mwadilifu husema aliyoyaona, na aulizwapo asiyoyaona hunyamaza, na nusu ya elimu yetu ni kujua ni wapi aliponyamaza.

Basi je, vitabu vile vya ng'ambo vilisema uongo? Sithubutu kusema hivyo. Viliandikwa na watu waliokuwa na mtoto mmoja kitandani, muuguzi wake pembeni, mashine ya kumpumulia iwapo mapafu yatachoka, na maabara yenye kujibu katika robo saa. Na hata huko, uthibitisho wao ulikuwa mwembamba kuliko sauti waliyoitumia kuutangaza. Desturi iliyozaliwa katika nyumba hiyo tuliihamishia katika nyumba yetu, penye watoto wawili kitanda kimoja, wengi wao wana malaria na upungufu wa damu, na muuguzi mmoja wa zamu ya usiku. Lusaka nako, katika hospitali kuu ya chuo kikuu, walijaribu kwa watu wazima wenye maambukizo makali ya damu, wengi wao wakiwa na virusi vya Ukimwi, utaratibu wa maji mengi na dawa za kupandisha shinikizo la damu. Na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017 yalionyesha kwamba waliofuata utaratibu huo walifariki asilimia 48.1, na waliotibiwa kama kawaida asilimia 33. Majaribio mawili, umri mbalimbali, nchi mbalimbali, na shahada yao ni moja. Anayetaka kujua dawa itamfaa nani hana budi kuijaribu pale alipo mgonjwa.

Jambo la pili ni homa. Wazee wetu wa pwani walilitumia neno hilo kwa maana pana, wakajua kwamba homa ni mlango na ndani yake mna wageni wengi. Sisi tuliosoma ndio tuliolibana, hata leo mtu akishikwa na joto la mwili husema ana malaria, naye mtabibu humwandikia dawa ya malaria kabla hajakaa vizuri kitini. Mwaka 2004 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi katika hospitali kumi za kaskazini mashariki ya Tanzania. Wagonjwa 4,474 waliolazwa wakiwa na hali mbaya, wakatibiwa kwamba ni malaria kali, walipopimwa damu kwa uangalifu walionekana wenye vimelea ni 2,062 tu, yaani asilimia 46. Na hao wengine, ambao damu yao haikuwa na kimelea hata kimoja, ndio waliokufa zaidi: asilimia 12.1, ambapo wenye malaria ya kweli walikufa asilimia 6.9. Wengi wao waliingia na ugonjwa mwingine ambao hakuna aliyeutafuta, kwa kuwa jina la malaria lilikuwa limekwisha kuandikwa kwenye cheti na jina likishaandikwa watu huacha kuuliza.

Tangu mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani limeagiza kila anayeshukiwa kuwa na malaria apimwe kwanza, na kipimo cha haraka, kile cha tone moja la damu, kimefika hata zahanati isiyo na umeme. Lakini kipimo kinachosema hapana kinamwacha mtabibu na swali gumu zaidi, seuze mama aliyetembea saa tatu na mtoto mgongoni anayetaka kurudi na kitu mkononi. Ndipo ushahidi unapogundua kwamba hauwezi kutembea peke yake. Vivyo hivyo kwa artesuneti ya sindano. Jaribio kubwa la AQUAMAT, lililochukua watoto 5,425 katika hospitali za nchi tisa za Afrika, za Kilifi na Muheza na Korogwe zikiwamo, lilithibitisha mwaka 2010 kwamba wenye malaria kali waliopewa artesuneti walifariki asilimia 8.5, na waliopewa kwinini asilimia 10.9. Hukumu ilikuwa bayana. Hata hivyo hukumu haijazi rafu ya dawa: lazima mtu wa Bohari ya Dawa aiagize kwa wakati, gari lipite barabara ya masika, mganga mfawidhi aijue kuiyeyusha na kuipima, na muuguzi awepo saa nane za usiku. Kiungo kimoja kikikatika, mtoto hutibiwa kama kwamba uchunguzi haukufanywa.

Naam, na yawezekana kuviunga viungo hivyo, kwani iliwahi kufanyika, tena si mbali. Katika wilaya za Rufiji na Morogoro Vijijini, zilizokuwa na wakazi wapatao 700,000 kwa jumla, Wizara ya Afya pamoja na kituo cha Kanada cha utafiti wa maendeleo waliendesha tangu miaka ya 1990 mradi ulioitwa kwa ufupi TEHIP. Swali lao lilikuwa jepesi kulisema: je, halmashauri ikijua kwa hakika watu wake wanaugua na kufa kwa maradhi gani, ikagawa fedha zake kwa kufuata elimu hiyo, kitatokea nini? Wahesabuji walikwenda nyumba kwa nyumba, wakawauliza jamaa waliofiwa kwa adabu na kwa utaratibu namna marehemu alivyougua. Morogoro ikaonekana kwamba malaria ilikuwa ikichukua asilimia 30 ya miaka ya uhai iliyopotea, ilhali katika bajeti ya mwaka 1996 ilikuwa imetengewa asilimia 5 tu. Hakuna aliyekusudia dhuluma hiyo. Fedha zilifuata njia iliyozoeleka, kama maji yanavyofuata mfereji wa jana.

Walipewa ruhusa ya kuongeza hadi dola mbili kwa kila mtu kwa mwaka, nao wakaweza kutumia kama senti 80 tu. Kwa kiasi hicho walinunua dawa zilizohitajika, wakawafundisha watabibu wa zahanati kumtazama mtoto mgonjwa kwa ukamilifu wake badala ya kulitibu lalamiko moja, wakatia vyandarua vyenye dawa katika mpango, na wananchi wa Rufiji wakajenga upya zahanati zao kwa nguvu zao. Katika miaka mitano vifo vya watoto vilipungua kwa zaidi ya asilimia 40. Sitadai kwamba upungufu wote huo ni kazi ya mradi, maana mambo mengine nayo yalikuwa yakibadilika katika nchi. Lakini walipolinganishwa watoto wa wilaya hizo mbili na wale wa Kilombero na Ulanga, ambako mafunzo hayo ya kumtazama mtoto kwa ukamilifu yalikuwa hayajafika, vifo vilikuwa pungufu kwa asilimia 13 katika muda wa miaka miwili. Mimi naipenda zaidi namba hii ndogo. Haijivuni, na imepita katika mizani.

Kilichonigusa kuliko namba zote ni jinsi walivyozirudisha. Hesabu za maradhi hazikuishia katika ripoti ya Kizungu. Zilichorwa, zikapelekwa kwa wale wanaogawa bajeti ya wilaya katika umbo ambalo mtu asiye mtakwimu anaweza kulisoma, akaona kwa jicho mahali maradhi yalipo na mahali fedha ziendako. Linganisheni na desturi yetu ya kila siku. Mwisho wa mwezi muuguzi wa zahanati hukaa na vitabu vya MTUHA, yaani vya takwimu za afya, akajumlisha mistari kwa kalamu, hesabu ikapanda wilayani, ikatiwa katika kompyuta, ikapanda mkoani na wizarani. Na haishuki tena. Aliyeizaa ndiye pekee asiyeonyeshwa sura yake. Kisha tunashangaa kwamba safu nyingine zimejazwa kwa kukisia. Na mpango wowote wa tiba tutakaoujenga juu ya hesabu za kukisia utakuwa umerudi kule kule kwenye dripu zangu.

Kwa hiyo ombi langu kwa chuo hiki ni dogo na lina gharama ndogo: kila mwanafunzi wetu wa mwaka wa nne apewe zahanati moja, azitwae namba zake, azichore, na azirudishe mwenyewe kwa mkono, akae asikilize ataambiwa nini.

Nimelijaribu. Miaka michache iliyopita, katika zahanati moja ya kando ya mto, muuguzi aliniamkia, akanipa kiti, kisha akaniuliza, "Daktari, zile namba zetu tunazopeleka kila mwezi, huwa zinasema nini?" Sikuwa na jibu. Mwezi uliofuata nilirejea na karatasi moja yenye mistari miwili, mmoja wa watoto waliokuja na homa, mwingine wa wale ambao kipimo kilionyesha kweli wana malaria, na baina ya mistari hiyo palikuwa na nafasi pana. Aliitazama kwa muda mrefu. Akaniambia kwamba katika nafasi hiyo ndimo walimo watoto wanaokohoa, na kwamba amekuwa akiomba saa ya kuhesabia pumzi tangu mwaka juzi. Kisha akaibandika ukutani juu ya kisanduku cha kadi, akafungua kitabu chake, akatia kwa kalamu nukta mbili za mwezi ule.