Mara mbili ya ngapi?

Mwezi Oktoba mwaka 1995, kamati ya serikali ya Uingereza iliyosimamia usalama wa dawa ilitangaza mjini London kwamba baadhi ya vidonge vipya vya kuzuia mimba viliongeza maradufu hatari ya damu kuganda mishipani. Habari hiyo ilitangazwa redioni na kwenye televisheni kabla barua za kamati hazijawafikia madaktari wengi.

Neno lililobaki masikioni mwa watu lilikuwa moja: maradufu. Hesabu ilikuwa sahihi, na hapo ndipo ugumu ulipo, kwani hakuna aliyesema uongo. Lililoachwa ni swali ambalo mnunuzi yeyote sokoni huuliza akiambiwa bei imepanda mara mbili: kutoka ngapi?

Kwa makadirio ya wataalamu wa Uingereza, katika kila wanawake 100,000 waliotumia vidonge vya zamani kwa mwaka mmoja, 15 hivi walipatwa na tatizo hilo. Kwa vidonge vipya walikuwa 30. Nyongeza, basi, ni wanawake 15 katika laki moja. Miongoni mwa wajawazito 100,000, makadirio yalikuwa 60. Aliyetupa vidonge kwa kuogopa damu kuganda, kisha akashika mimba, aliikimbilia hatari iliyo kubwa zaidi.

Kamati ilishauri mtu asiache vidonge kabla ya kumwona daktari. Ushauri huo haukuwa na mvuto wa neno maradufu, na wengi waliacha. Idadi ya mimba zilizotolewa England na Wales, iliyokuwa ikishuka tangu mwaka 1990, ilipanda kwa zaidi ya 13,000 mwaka 1996. Haiwezekani kuzihusisha zote na hofu ile, ingawa ni vigumu kupata sababu nyingine iliyo nzito kama hiyo.

Mwaka 2021 hofu ya damu kuganda ilirudi, safari hii kwa chanjo ya AstraZeneca dhidi ya Covid-19. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, iliyopokea dozi milioni 1.7 mwezi Machi, iliahirisha kuzitumia baada ya nchi kadhaa za Ulaya kusitisha chanjo hiyo. Ilipoanza kuchanja mwezi Aprili, muda wa dozi hizo ulikuwa unakaribia kwisha, na takriban milioni 1.3 zikaachiwa nchi nyingine. Nchini Uingereza, hadi mwisho wa Machi, wagonjwa walioripotiwa kupata aina hiyo adimu ya kuganda kwa damu walikuwa 79, na 19 kati yao walifariki dunia. Dozi zilizokwisha kutolewa zilizidi milioni 20.